Shahidi wa Kofia ya Mabua

Jumapili, 14 Septemba

Dada Una,

Nisamehe. Sijui umekwenda posta mara ngapi ukarudi mikono mitupu. Tangu nilipokuarifu kwamba Ross amezaliwa sijashika kalamu, naye sasa ana miezi saba na meno mawili, na ameshaniuma kwa yote mawili. Kila siku nasema kesho. Kesho ikija, inakuja na ndoo ya nepi. Basi nimenunua daftari hili la shule. Nitaandika kila nikipata upenyo, hata mstari mmoja, na likijaa nitalitia kwenye bahasha nikuletee lote huko kisiwani. Ukiona doa ujue ni uji.

Bado tunakaa kwa mama mkwe. Clarrie alisema mwaka mmoja tu, na huu ni wa tatu. Yeye yuko kwenye mabanda ya kukata manyoya ya kondoo, na atarudi Ijumaa kabla ya Kombe, yale mashindano ya farasi ya Melbourne, kama wanaume wote, maana siku ya Kombe hakuna atakayeshika mkasi hata kondoo wampigie magoti.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nishike kalamu. Unajua hapa Burrawin farasi wa Melbourne hatuwaoni, tunawasikia redioni tu. Kofia ndizo tunazoziona. Mwaka huu hakimu wa kofia kwenye chakula cha Kombe ni Bwana Lindqvist, mwenye duka la nguo kule Stannard. Amesema mshindi atamshonea kofia za dukani mwaka mzima, na nyuma ya duka lake kuna vyumba viwili vyenye jiko na bomba, navyo vitakuwa vya mshindi.

Vyumba viwili, Una. Mlango wangu mwenyewe. Sijataka kitu namna hii tangu nilipotaka kuolewa.

Nitasuka mabua ya ngano kama alivyotufundisha mama. Kile kichwa cha mbao alichokuwa akiundia kofia kiko kwako, kwa hiyo nitaundia juu ya bakuli la pudini.

Alhamisi, 18 Septemba

Upepo wa kaskazini, vumbi mpaka kwenye siagi. Dulcie wangu ameshambuliwa na ndege magpai njiani, sasa haendi popote bila sufuria kichwani. Anasema ni kofia yake ya Kombe.

Jumatano, 24 Septemba

Nimempata shahidi.

Kwenu sijui, lakini hapa sheria za kofia ni kali kuliko za kanisa. Uishone kwa mkono wako. Uifiche mpaka siku yenyewe, asiione mtu. Ila lazima awepo mwanamke mmoja, asiye ndugu yako wala wa mumeo, aliyekuona ukiishona si chini ya mara tatu. Huyo ndiye anayetia sahihi kwenye kadi yako ya mashindano, na kadi itumbukizwe kwenye sanduku la Bwana Hocking mwenye bucha kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya kabla ya Kombe. Baada ya hapo hata ukivunjika mguu, mtu mwingine anaweza kukupelekea kofia ukumbini, maana jina lako limeshaingia.

Nimemchagua Gwenda wa kwenye mitambo ya simu. Siri zote za mji huu hupita masikioni mwake na hajapata kumwaga hata tone. Alikuja leo Ross akiwa amelala, nikamwonyesha mabua yaliyolowekwa kwenye beseni la kuogea.

"Shoga, hayo ni mabua au ni chakula cha ng'ombe?"

"Subiri uone."

"Nasubiri. Lakini ng'ombe akikufuata ukumbini mimi sikujui."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Jumamosi, 27 Septemba

Nepi ishirini na sita. Sikusuka.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimemaliza hatua tano za ukili wa mabua saba. Vidole vimechanika. Mama mkwe aliona beseni, nikangoja maneno. Badala yake akaniletea mafuta ya kujipaka mikononi. "Paka, mwanangu," akasema. "Nyumba yetu ni moja."

Sikujua niangalie wapi. Miaka mitatu yule mama ananihesabia viazi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wifi yangu Rhona naye anashona. Ana miaka ishirini na mbili na uso mzuri, na mikono yake haielewani. Amechukua manyoya ya jogoo akayatia rangi ya kiazi chekundu, halafu akayabandika kwenye kofia ya zamani ya baba yake. Kaja nayo jikoni kichwani, akasahau kwamba ni siri.

"Wifi, niambie kweli. Inafanana na nini?"

"Inafanana na jogoo aliyekufa kwa kujuta."

Alicheka lakini macho yakamjaa. Ana kijana huko Stannard, karani wa benki, na kila Jumapili anangoja basi kama anangoja hukumu. Nikamkalisha, nikamfundisha kuficha uzi. Nampenda Rhona. Nilimkuta ana miaka kumi na minane, na nywele zake za harusi yangu nilizisuka mimi.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua, hatimaye. Wakulima wamekuwa watu wazuri ghafla.

Ijumaa, 17 Oktoba

Gwenda amekuja mara ya pili. Ukingo wa kofia umekamilika, mpana, na upande mmoja unainama kidogo kama mtu anayesikiliza. Nimeviacha visuke vizima sita pembeni, visichomoke, vitikisike tu anapotembea mvaaji. Niliivukizia kwa birika mpaka ukuta ukatoa jasho. Bakuli la pudini limefanya kazi, ingawa ilinibidi kulijazia matambara juu.

Gwenda hakutania safari hii. Aliizunguka. Kisha akasema, "Avis, utaondoka hapa."

"Ukiniombea."

Aliuliza tu kama mama mkwe bado ndiye mwenyekiti wa kamati ya hospitali, ile inayoandaa chakula cha Kombe. Nikasema ndiyo, tangu vita. Nikadhani anauliza tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Una, nadhani nimemkosea mama mkwe miaka yote hii. Wiki nzima amewachukua watoto mchana ili nishone. Dulcie amemfundisha kuvaa sufuria. Nimemsikia akimwambia mtu kwenye simu, "Mkwe wangu ana mikono ya dhahabu." Nilisimama nyuma ya mlango na sinia la vikombe nikiona haya kwa mambo yote niliyokuandikia juu yake mwaka juzi. Zile barua zichome.

Alhamisi, 30 Oktoba

Gwenda ameona mara ya tatu na ametia sahihi. Aliandika polepole, akapuliza wino. Chai yake hakuimaliza.

Ijumaa, 31 Oktoba

Clarrie amefika! Mwembamba, ananuka kondoo, mgongo umempinda. Ross hakumtambua akalia, kisha akamshika pua na mambo yakaisha. Nilimwonyesha kofia ingawa si ruhusa. Aliitazama muda mrefu.

"Mama Dulcie," akasema, "hii ni nzuri mno."

Alisema kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Nikafikiri ni uchovu.

Jumamosi, 1 Novemba

Ross ana meno mengine yanakuja, kwa hiyo Clarrie ndiye aliyekwenda mjini. Nilimpa kadi yangu akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Kuvuta majina ya farasi wa bahati nasibu kulikuwa hapohapo kwa Bwana Hocking, akanivutia na mimi. Nimepata farasi anaitwa Mwanga wa Bandari. Clarrie anasema hata mwenye farasi huyo hamwamini.

"Kadi umeitumbukiza?"

"Nimekuambia nimekwenda, si nimekwenda?"

Nikamchemshia maji ya kuoga.

Jumatatu, 3 Novemba

Upepo wa kaskazini tena. Ross anakohoa kidogo. Nimepiga pasi shati la Clarrie na gauni langu la kijani.

Jumanne, 4 Novemba. Siku ya Kombe.

Naandika hii jioni, na nitaiandika yote kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio nitaanza kupiga vitu.

Alfajiri Ross aliamka anabweka. Si kukohoa, kubweka, kama mbwa aliye mbali. Kifua kinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Nikaweka birika, lilelile la kofia, nikajifunika naye shuka juu ya mvuke. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Nje vumbi jekundu limefunga madirisha. Daktari alisema kwenye simu: endelea na mvuke, usimtoe kwenye upepo.

Kufika saa tano wote wameshavaa. Mama mkwe akaja mlangoni na glavu zake.

"Wewe huwezi kutoka, mwanangu. Nipe kofia niipeleke. Kadi yako si ipo? Gwenda si yupo?"

"Ipo, mama."

"Basi nini tena. Nyumba yetu ni moja."

Nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili, imefungwa kwenye foronya safi, nikamwonyesha pa kushika ili visuke visivunjike. Rhona alikuwa uani tayari, hakuingia kuniaga. Clarrie alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nenda," nikamwambia, "uje unisimulie uso wa kila mtu."

Akambusu mtoto. Mimi hakunibusu.

Saa nane Ross alitulia, akalala na mdomo wazi, kifua laini. Saa tisa kasoro nikawasha redio, taratibu. Dulcie alikaa chini na sufuria yake kichwani akinishika kidole. Unajua namna ile, Una, nchi nzima inanyamaza, hata jogoo wa jirani alinyamaza. Kisha wakaondoka. Mwanga wa Bandari walimtaja mara moja tu, mwanzoni, na mara ya pili baada ya wote kufika, kama mtu aliyesahaulika kituoni. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa na furaha, Una. Nataka ujue hivyo. Nilikaa jikoni na mtoto aliyepona na nilikuwa na furaha.

Saa kumi Bwana Hocking akagonga mlango wa nyuma. Kwenye bahati nasibu yake mwenye farasi wa mwisho hupewa mkufu wa soseji, ndiyo desturi ya bucha.

"Mama Dulcie! Farasi wako bado anakimbia mpaka sasa hivi. Chukua soseji zako kabla hajafika akazidai mwenyewe."

Nikacheka, nikapokea.

"Na hongera kwa nyumba yenu," akasema. "Kofia ile! Lindqvist aliivua kichwani mwa Rhona akaigeuza ndani nje, akainusa kama mkate."

"Kichwani mwa nani?"

"Wifi yako. Ameshinda. Hujaambiwa? Ukumbi mzima ulisimama."

Nikasema polepole, "Alinivalia. Mimi nilibaki na mtoto. Kadi ni yangu."

Bwana Hocking ni mtu mnene anayecheka hata akikata mifupa. Aliacha kucheka.

"Mama Dulcie, kadi nilizifungua mimi mbele ya kamati. Kutoka nyumba hii ilikuja moja. Ya Rhona, na sahihi ya Gwenda chini yake. Nikasema basi mwaka huu wewe hukuingia."

"Nani aliileta?"

Alitazama soseji mkononi mwangu. "Clarrie. Jumamosi. Aliitumbukiza, halafu akakuvutia farasi."

Ross alianza kubweka alfajiri ya leo. Kadi ilitumbukizwa Jumamosi.

Walirudi wakiimba. Rhona aliiondoa kofia kichwani aliponiona, akawa hana pa kuiweka, akabaki ameishika tumboni. Mama mkwe ndiye aliyeanza.

"Mtoto aliumwa, tungefanyaje? Kofia nzuri ikae sandukuni bure? Mtu lazima asimame nayo."

"Ndiyo, kwa sababu ya mtoto," akasema Rhona.

"Mtoto," akasema Clarrie.

Niliwaacha waseme mpaka wakaishiwa. Kila mmoja alimtumia mwanangu mara moja, wengine mara mbili. Kisha nikauliza, "Jumamosi Ross alikuwa anaumwa nini?"

Clarrie akarudi kutazama viatu vyake.

Mama mkwe akavua glavu kidole kimoja kimoja. "Avis, wewe una mume na una watoto. Rhona ana nini? Kule Stannard yuko kijana wa watu, na msichana anayekwenda kwa basi Jumapili kwa Jumapili hadumu kichwani mwa mtu. Akipata vile vyumba ameolewa. Wewe ukivipata, mwanangu anapoteza nyumba ya baba yake, na mimi nabaki na kuta. Nilipima. Nikaona hii ndiyo haki."

"Ulipima. Mimi ulinitia upande gani wa mizani?"

Nikamgeukia Clarrie. Nilidhani, Una, kwamba atasema lolote. Hata uongo. Akasema, "Mama Dulcie, ni nyumba moja."

Maneno ya mama yake. Hata sauti ni ileile.

Jumatano, 5 Novemba

Nilikuwa napangusa vumbi koti lake. Kadi yangu imo mfuko wa ndani, imekunjwa mara nne. Jina langu, na sahihi ya Gwenda. Sahihi ileile na wino uleule. Kwa hiyo ametia sahihi mbili, moja ya kweli na moja ya uongo, na mume wangu alikwenda nazo zote mbili akachagua.

"Kwa nini hukuichoma?" nikamwuliza.

"Sikuweza."

Hakuweza kuichoma, lakini aliweza kula chakula changu siku nne akiwa nayo kifuani. Nimejaribu kulichukulia hilo kama mapenzi. Siwezi. Labda mwakani.

Nimefikiri kuipeleka kadi kwenye kamati. Mwenyekiti ni nani? Na shahidi wangu ni nani? Gwenda dhidi ya Gwenda.

Alhamisi, 6 Novemba

Clarrie amerudi mabandani. Alingoja nimfungie mkate. Nilimfungia. Njaa yake sina ugomvi nayo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikwenda kwa Gwenda. Aliponiona alivua vile vya masikioni ingawa taa za simu zilikuwa zinawaka.

"Piga," akasema. "Nipige kofi yaishe."

"Sikuja kupiga. Nimekuja kuuliza."

Alisema baba yake ameanguka mara mbili tangu Agosti. Kitanda kwenye wadi ya wazee kinagawiwa na kamati, na mama mkwe alimpigia simu. "Hakunitisha, Avis. Alizungumza vizuri kabisa. Alisema kitanda kimoja kitakuwa wazi Novemba, na akaniuliza kama nimewahi kumwona Rhona akishona. Nikasema nimemwona. Nilimwona kweli, na lile jogoo lake."

"Ile kofia ni jogoo?"

Akalia. "Ningefanyaje, shoga?"

"Ungeniambia. Ningelia, pengine ningekataa, pengine ningekubali. Baba yako nampenda kama wangu. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Taa zikawaka zote, mji mzima unataka kuzungumza. Nikamwambia ajibu simu zake. Baba yake amelazwa tangu jana, na namshukuru Mungu amelazwa, na kwa Gwenda sitakanyaga tena. Yote mawili yamo moyoni mwangu na hayagombani.

Jumanne, 11 Novemba

Wiki moja. Wameniletea mabua.

Bwana Lindqvist ameandika kwamba anataka kofia tatu kabla ya Krismasi, za ukili uleule, ndipo atoe ufunguo. Rhona alijaribu peke yake tangu Ijumaa. Nilimsikia chumbani akikata na kufumua. Leo akaja jikoni na furushi, mama yake nyuma.

"Wifi, nisaidie. Nitakutafutia wateja wako mwenyewe Stannard, utakuja kukaa kwangu kila mwezi..."

Mama mkwe akamkatiza. "Ni rahisi. Yeye atakaa kule, wewe utasuka hapa. Watoto wako karibu nawe, hakuna atakayejua, hakuna atakayeona haya."

Ndipo nikaelewa, Una. Nilidhani wamechukua kofia. Kumbe kofia ilikuwa mlango tu. Mafuta ya mikono, kuchukuliwa kwa watoto mchana, mikono ya dhahabu kwenye simu, vyote vilikuwa vya hii siku. Walikuwa wananenepesha mikono yangu.

"Mabua haya hayajaiva vizuri," nikamwambia Rhona. "Yatavunjika. Uyaloweke siku mbili."

Akashusha pumzi, akadhani nimekubali.

"Nimekuambia kwa sababu ni wewe, na kwa sababu nilikusuka nywele. Lakini sisuki. Kofia moja mmeichukua. Mikono siitoi."

"Unakula kwa nani?" mama mkwe akauliza, taratibu.

"Kwako, mama. Mpaka Ijumaa."

Nilisema Ijumaa bila kujua Ijumaa kuna nini. Ilitoka tu.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimejua Ijumaa kuna nini. Bwana Hocking na mkewe wana chumba nyuma ya bucha, kilikuwa cha kutilia nyama chumvi. Nitafua aproni zao. Bi Hocking aliniuliza swali moja tu: "Damu unaiondoa na nini?"

"Maji baridi, mama. Ya moto yanaifunga."

"Hamia."

Ijumaa, 14 Novemba

Nimehama. Hatua mia tatu na kumi, Dulcie alizihesabu kwa sauti mpaka tulipofika, ingawa baada ya ishirini anarudia. Gari la mtoto lilibeba kila kitu. Birika nimelichukua, ni zawadi ya harusi yangu. Bakuli la pudini nimeliacha, ni la mwenyewe.

Mama mkwe alisimama barazani. Aligeuka ndani Ross alipompungia mkono. Nilimwona amefunika mdomo. Simchukii yule mama, na hilo ndilo linalonichosha.

Jumatatu, 17 Novemba

Una, nimefanya jambo ambalo halijafanywa Burrawin. Nasuka dirishani.

Dirisha la bucha, lile kubwa la mbele. Nimeweka kiti upande wa kushoto, soseji upande wa kulia, Ross kwenye kikapu miguuni. Nasuka mbele ya kila anayepita. Bi Hocking alisema nitaleta nuksi, kofia ya Kombe haionwi kabla. Nikamwambia niliificha nikawa na shahidi mmoja. Sasa nataka mji mzima.

Watoto wa shule walipanga mstari, pua kwenye kioo. Mzee mmoja aliniuliza kilo ya visuke ni kiasi gani.

Jumatano, 19 Novemba

Gwenda amepita. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka nikamaliza mzunguko mzima. Hakuvuka.

Jumamosi, 22 Novemba

Gari la Bwana Lindqvist limesimama nje leo. Kwenye kiti cha nyuma niliona sanduku la kofia la Rhona, na ndani yake, kifuniko kikiwa wazi, kitu kilichobonyea kama keki iliyotolewa jikoni mapema. Nikamhurumia. Sikunyanyuka.

Alisimama kiooni. Ni mtu mrefu, kavu, ana utepe wa kupimia shingoni kama padri na msalaba wake. Alitazama mikono yangu kwa muda wa kusuka ukili mrefu kama mkono, bila kupepesa. Kisha akaingia, akanunua nyama ya mbavu, akaniinamishia kichwa, akaondoka. Bwana Hocking anasema mtu haendeshi maili arobaini kununua mbavu. Mimi nasema nimeshachoka kudhani. Atakayetaka kusema na aseme.

Kuna barua ya Clarrie. Anasema banda litafungwa wiki mbili kabla ya Krismasi, aje wapi? Nimemjibu kwamba mlango wa chumba cha chumvi uko uani na anaujua. Aje na maneno yake mwenyewe. Ya mama yake nimeshayasikia. Akija tutaona. Kadi bado ninayo, na hilo pia nimemwandikia.

Jumapili, 23 Novemba

Daftari limebaki ukurasa huu. Watoto wote wawili wamelala, Dulcie na sufuria yake kichwani. Kesho nalipeleka posta. Una, kwa hisani yako, kwa meli ya kwanza, nitumie haya tu:

Kichwa cha mbao cha mama, kile kikubwa chenye ufa. Usiuzibe.

Sindano zake ndefu, ziko kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vifungo. Vifungo baki navyo.

Uzi wa katani, rangi ya mchanga, mabunda manne.

Utepe wa buluu, mita sita. Kama hakuna buluu, basi usitume.

Sweta la Ross, la mwaka mmoja. Huku ukuta ni baridi hata Novemba.

Sufuria moja ndogo ya kupikia. Ya kwetu haitoki kichwani mwa mwenyewe.

Na karatasi moja, iliyoandikwa kwa mkono wako na tarehe juu, kwamba wewe Una uliniona nikisuka tangu nina miaka tisa, mezani kwa mama, si mara tatu bali kila siku. Najua ndugu haruhusiwi kuwa shahidi. Nitumie hivyo hivyo.